“Walionisifu bado hawajanijua”: jibu kwa mhasibu aliyelelewa akiitwa mkosi

Swali: Nina miaka 36, ni mhasibu wa halmashauri, naishi Dodoma na mume wangu na watoto wawili. Mama alifariki akimzaa mdogo wangu, mimi nikiwa na miaka sita, nikapelekwa Tabora kwa shangazi. Huko nilikuwa wa kwanza kuamka na wa mwisho kula. Binamu zangu walienda shule na viatu, mimi na kandambili. Nikikosea kidogo naambiwa nina mkosi, ndiyo maana nilimuua mama. Bibi mmoja jirani alikuwa akinipa uji. Sasa nimepandishwa cheo, na badala ya kufurahi silali. Naona walionisifu bado hawajanijua. Ndugu akiniomba hela siwezi kukataa. Nimefanya kipimo cha maswali kumi mtandaoni, nimepata sita. Je, ndivyo nilivyoumbwa, au ni malezi? Naweza kubadilika? Halafu shangazi amepata kiharusi, ukoo unataka nimchukue niishi naye kwa kuwa ndiye aliyenilea. Nifanye nini?

Jibu: Dada, pole kwa msiba ule wa zamani, maana inaonekana hakuna aliyekupa pole wakati ule.

Hukuumbwa hivyo. Lakini pia yaliyotokea Tabora peke yake hayatoshi kueleza kwa nini hulali leo. Kinachokunyima usingizi ni uamuzi ulioufikia ukiwa mtoto kuhusu wewe ni mtu wa namna gani, pamoja na kanuni ulizojiwekea ili watu wasiugundue. Kanuni hizo unazifuata hadi leo kazini na nyumbani, na ndizo zinazoufanya uamuzi ule uonekane wa kweli. Ndiyo maana washauri nasaha wengi hawaanzi kwa kuchimba utoto mwaka kwa mwaka. Huanza na kile unachokifanya wiki hii.

Kwanza tuone mtoto anavyofikia uamuzi huo. Katika umri wa miaka sita mtoto bado anajiona yuko katikati ya kila kinachotokea. Baba akikasirika, ni kwa sababu yangu. Mama asiporudi, ni kwa sababu yangu. Mtu mzima aliye karibu kwa kawaida husahihisha: “Hapana mwanangu, mama aliugua.” Wewe hukusahihishwa, ulithibitishiwa. Kuna sababu nyingine nzito zaidi, ambayo daktari wa Uskoti Ronald Fairbairn aliieleza mwaka 1943: mtoto hujitwisha ubaya ili anayemtegemea abaki kuwa mwema. Fikiri hali yako ilivyokuwa. Chakula, godoro na ada vyote vilitoka kwa shangazi. Kama yeye ndiye mwenye makosa, hakuna njia ya kutoka. Kama mwenye makosa ni wewe, basi angalau kuna la kufanya: jitume zaidi, nyamaza zaidi, omba radhi mapema. Kwa mtoto, kujilaumu kulikuwa na tumaini ndani yake, na ndiyo maana ni kugumu kukuacha.

Kulelewa na ndugu si balaa, na kuchota maji alfajiri si mateso kwa kila mtoto. Familia zetu zimelea watoto wa kaka na dada kwa vizazi. Mshauri anayejua kazi yake hahesabu ndoo ulizobeba. Anauliza kama watoto wote wa nyumba ile walitendewa sawa, kama ungeweza kujua mapema ni kosa gani lingeleta adhabu, adhabu ilipokuja ilielezwaje, na kama kulikuwa na mtu mzima hata mmoja upande wako. La tatu ndilo linaloacha alama kubwa kuliko fimbo yenyewe. Mtoto anayeambiwa “umechapwa kwa kuvunja chupa” anajifunza habari za chupa. Anayeambiwa “umevunja chupa kwa sababu una mkosi” anajifunza habari zake mwenyewe.

Sasa kuhusu kile kipimo cha mtandaoni ulichopata sita. Kimetokana na utafiti wa madaktari Vincent Felitti na Robert Anda uliofanyika San Diego, Marekani, kuanzia 1995 hadi 1997, ukahusisha watu zaidi ya 17,000 na kuanza kuchapishwa 1998. Ulionyesha kwamba kadiri aina za madhila ya utotoni zinavyoongezeka, ndivyo magonjwa na sonona vinavyozidi kuonekana ukubwani. Ni utafiti wa maana, ila unaeleza makundi makubwa ya watu. Anda mwenyewe, pamoja na wenzake, alionya mwaka 2020 dhidi ya kuitumia alama hiyo kumpima mtu mmoja mmoja. Haisemi jambo lilidumu miaka mingapi, lilianza ukiwa na umri gani, wala nani alikutetea. Maswali yale kumi yanauliza kama wazazi walitengana au kupeana talaka. Hayaulizi kama mzazi alifariki. Shirika la Afya Duniani lilitengeneza dodoso lake la kimataifa ambalo linauliza kuhusu kifo cha mzazi, ukatili wa mitaani na vita. Kwa hiyo sita yako haikutabirii kitu, iache hapo.

Takwimu iliyo karibu nawe zaidi ni ya utafiti wa kitaifa wa ukatili dhidi ya watoto uliofanyika Tanzania mwaka 2009 na kutangazwa 2011: karibu robo tatu ya vijana, wa kike kwa wa kiume, walisema walipata ukatili wa kimwili kabla ya miaka 18, na takriban robo walipata ukatili wa kihisia kutoka kwa mtu mzima. Watu huisoma wakasema, “Basi wote tulichapwa na tumekuwa wazima.” Lakini wingi wa jambo hauondoi madhara yake. Malaria nayo ni ya wengi.

Turudi kwenye cheo, maana hapo ndipo mambo yote yanaonekana kwa pamoja. Mwanasaikolojia wa Oxford, Melanie Fennell, aliyeiendeleza kazi ya Aaron Beck, daktari wa akili wa Marekani aliyeanzisha tiba ya kuchunguza fikra, mwaka 1997 alionyesha namna mtu anavyokaa miaka mingi akijidharau bila mwenyewe kujua. Chini kabisa kuna sentensi fupi, kwa mfano: “Nina kasoro, nikikaribiwa naleta hasara.” Juu yake kuna kanuni: nisipokosea hata kidogo hawatagundua, nikitoa kila ninachoombwa hawatanifukuza, nisionekane sana. Kanuni zikifuatwa, maisha yanakwenda vizuri kabisa, pengine vizuri kupita kiasi. Wewe umekuwa mhasibu hodari kwa sababu ya kanuni hizo. Kisha barua ya kupandishwa cheo inafika, na kwa siku moja inavunja ile kanuni ya kutoonekana. Mwili unalichukulia jambo hilo kama hatari. Unaanza kutabiri aibu, unakagua vocha ya malipo mara nne, unakaa kimya kwenye kikao, unaomba radhi kabla hujaulizwa. Usipoaibika, husemi “kumbe naweza”. Unasema “nimeponea chupuchupu kwa kuwa nilikagua mara nne”. Hapo ndipo duara linapofungwa. Kila mafanikio yanaandikwa kwa jina la tahadhari, hakuna linaloandikwa kwa jina lako.

Mtu akisifiwa kwetu hujibu “ni Mungu tu” au “tunajitahidi”. Hiyo ni adabu, na wala hatuigusi. Tofauti huonekana msifiaji akishaondoka. Mwenye adabu anabaki na furaha kidogo moyoni. Wewe unabaki ukihesabu siku za kugunduliwa.

Angalia pia barua uliyotuandikia. Shangazi ana sentensi nyingi. Bibi aliyekupa uji ana moja, fupi, tena bila jina. Mtu aliyemtazama mtoto wa mwenzake akaona anastahili uji ni ushahidi mzito, kwa sababu hakulazimika. Kinachopingana na ile sentensi ya chini hupunguzwa uzito hadi kiwe habari ndogo: alinionea huruma, ilikuwa bahati, hakunijua. Unapoandika kumbukumbu zako, mpe bibi yule ukurasa mzima.

Kazi yenyewe sasa. Usianze kwa kujisemea mbele ya kioo kwamba wewe ni wa thamani. Mwaka 2009 mwanasaikolojia Joanne Wood na wenzake nchini Canada walilipima hili: watu wanaojidharau, waliporudia sentensi ya kujisifu ya aina hiyo, walijisikia vibaya zaidi, kwa sababu akili ilijibu papo hapo kwa orodha ya kupinga. Anza kwa kuandika.

Chukua daftari ambalo hakuna mwingine analifungua. Jioni moja andika ile sentensi ya chini kwa maneno makali uliyonayo kichwani, bila kuipamba. Pembeni yake andika makadirio mawili kwa asilimia: unaiamini kiasi gani kwa akili, na kiasi gani kwa tumbo, yaani kwa hisia. Mara nyingi akili husema 30 na tumbo 85. Tumbo ndilo tutakalolifuatilia. Kisha, kwa wiki mbili, kila siku chagua tukio moja lililokutikisa na uliandike siku hiyohiyo, kwa dakika kumi tu: nini kilitokea, ulitabiri nini, ulifanya nini kujikinga, mwisho ikawaje, na baadaye ulijisemea nini. Wengi huandika hisia peke yake na kuacha la tatu. Bila la tatu daftari halitakusaidia, kwani humo ndimo kanuni zako zilimojificha.

Kabla ya kugusa kanuni, kuna shtaka moja linalohitaji kushughulikiwa lenyewe: kwamba ulimuua mama. Chora duara kubwa. Pembeni orodhesha kila kitu kinachoweza kuchangia kifo cha mama anayejifungua, na wewe mwenyewe ujiandike mwisho kabisa. Wataalamu wa uzazi huzungumzia ucheleweshaji wa aina tatu: kuchelewa kuamua kwenda hospitali, kuchelewa kufika, na kuchelewa kuhudumiwa baada ya kufika. Ongeza kutokwa damu nyingi, kifafa cha mimba, ukosefu wa damu ya kuongezewa, umbali, usafiri wa usiku. Kama kuna mjomba au mama mkubwa anayekumbuka, muulize ilikuwaje. Mara nyingi jibu la kweli linafahamika na hakuna aliyewahi kumwambia mtoto. Gawa duara kwa asilimia, sababu moja baada ya nyingine. Ukifika kwako, tazama kimebaki nini, na jiulize mtoto wa miaka sita aliyekuwa nyumbani angefanya kitu gani ambacho mkunga hakuweza. Utaratibu huo ni muhimu: ukianza na jina lako, utajipa 60 na zilizobaki zitagombania 40. Usitegemee machozi wala nafuu siku hiyo. Rudia zoezi baada ya wiki tatu bila kutazama duara la kwanza, kisha linganisha.

Njia za aina hii si za Ulaya tu. Tiba ya mazungumzo kwa watoto waliofiwa na wazazi ilijaribiwa Moshi, na Bungoma nchini Kenya, kwa watoto 640, matokeo yakachapishwa 2020. Waliotoa tiba walikuwa watu wa kawaida waliofunzwa, si madaktari, na katika maeneo matatu kati ya manne watoto walipata nafuu kuliko wenzao waliopata huduma za kawaida. Kwa mtu mzima vifaa hubadilika kidogo, mantiki ni ileile.

Sasa kanuni. Huzivunji kwa kujadiliana nazo kichwani. Unazivunja kwa majaribio, na kila jaribio lina utabiri ulioandikwa kabla. Panga mambo saba au manane unayoyaogopa, kila moja ukilipa alama ya hofu kati ya 0 na 100. Anza na la 30 hivi. La 90 likianza litakushinda, na utaliweka kwenye orodha ya ushahidi dhidi yako. Mfano wa 30: mtu akikusifu, sema “asante” kisha nyamaza, usiongeze “lakini”. Wa 40: tuma ujumbe wa kazini bila “samahani kwa usumbufu”. Wa 55: kagua vocha mara moja kama wenzako wanavyokagua. Wa 65: ndugu akiomba shilingi 50,000, usijibu papo hapo, sema “nitakujibu kesho jioni”, na kesho toa 20,000 au sema mwezi huu haiwezekani.

Hapa kwenye hela ndipo watu wengi huteleza, na kwa namna ileile. Wanakataa, halafu wanaandika maelezo marefu: ada, kodi, gari limeharibika. Maelezo hayo ni kanuni ya zamani iliyovaa nguo mpya, kwa sababu bado unaomba uruhusiwe. Mkataaji mzuri hutumia sentensi moja ya heshima. Kisha hatia itakuja, na itakuja kwa nguvu, hata kama umefanya sahihi. Usiitumie kama kipimo. Kipimo ni kile ulichotabiri kwenye daftari: ulisema atakukatia simu milele, je, amekata? Hatia hushuka yenyewe usipotuma ujumbe wa pili wa kujieleza. Na ikitokea ndugu mmoja akakasirika kweli, andika hilo pia. Utabiri wako haukuwa kwamba hakuna atakayekasirika. Ulikuwa kwamba utabaki peke yako duniani.

Jioni, mistari mitatu ya ushahidi. Andika matendo, siyo sifa. “Mimi ni mchapakazi” haishiki. “Asha wa manunuzi aliniuliza mimi kuhusu kifungu cha bajeti ingawa bosi alikuwepo” inashika. Mbele ya kila mstari acha nafasi ya kuandika jinsi akili inavyoupotosha. Baada ya mwezi utaona kwamba upotoshaji wenyewe ni wa aina mbili au tatu tu, zinazojirudia.

Kuna wakati mtu akianza kujitendea kwa upole hupatwa na huzuni kubwa badala ya faraja. Paul Gilbert, aliyejenga tiba inayozingatia huruma, ameandika sana kuhusu watu wanaoogopa wema. Ukikutwa na hilo, usiache wala usijilazimishe. Punguza dozi: dakika tatu za kupumua polepole, pumzi sita hivi kwa dakika, kisha endelea na kazi zako.

Majaribio ya miezi mitatu yanatosha kuonyesha kama unaweza kwenda mwenyewe. Tafuta mtaalamu mapema zaidi kama yaliyotokea Tabora yanakurudia kana kwamba yanatokea sasa hivi, kama unakwepa watu na sehemu zinazokumbusha, kama mwili uko macho kwa hatari muda wote, na hayo yanakwenda pamoja na kujiona huna thamani, kushindwa kutuliza hisia na ugumu wa kukaa karibu na watu. Mwongozo wa magonjwa wa Shirika la Afya Duniani, ICD-11, unautambua mkusanyiko huo kama ugonjwa unaojitegemea tangu 2022; si kujidharau kwa kawaida, na matibabu yake ni marefu. Vivyo hivyo kama kwa wiki mbili huna hamu ya chochote. Ukifikiria kujidhuru, nenda hospitali siku hiyohiyo na umwambie mumeo. Wewe uko Dodoma, Hospitali ya Mirembe iko hapo. Najua mitaani jina hilo hutajwa kwa utani. Walio kliniki ya nje huonana na mtaalamu na kurudi makazini.

Siku ya kwanza muulize mshauri amesomea nini, anasimamiwa na nani, na mtapimaje mabadiliko. Anayekutaka usamehe kikao cha kwanza, anayeahidi kukufukulia kumbukumbu zilizofichika, au anayetaka kumpigia shangazi simu, muage kwa heshima.

Na shangazi. Ukoo umefunga mambo matatu katika fungu moja: gharama za kumtunza, mahali atakapoishi, na deni la kulelewa. Yafungue. Gharama unaweza kuchangia bila kuishi naye. Mgonjwa wa kiharusi anahitaji mazoezi ya viungo, dawa za presha kila siku na mtu wa kumgeuza kitandani, na vyote hivyo vina bei inayoweza kugawanywa kwa watoto wake na wewe. Kuishi naye nyumba moja, wakati bado tumbo linaamini 85, tunashauri usikubali sasa. Utarudi kwenye kanuni zote kwa wiki moja, na wanao watakuwa mashahidi. La tatu, deni la kulelewa, pamoja na hamu ya kumwambia ulivyoumia, lisubiri. Mwenye kiharusi anaweza kuwa amepoteza maneno au kumbukumbu, na ukienda ukiwa na kiu ya kuombwa radhi, utaondoka na kiu hiyo ikiwa kubwa zaidi. Ukiamua kuzungumza naye siku moja, nenda ukiwa na lengo lisilomtegemea yeye, mfano kusema sentensi mbili ulizozichagua na kutoka.

Kwenye kikao cha ukoo usiende peke yako wala usiwe msemaji wa kwanza. Mtafute mjomba au kaka anayekuelewa, mweleze kabla, yeye ndiye aanze kutaja mgawanyo wa gharama ukiwa umeandikwa kwa shilingi na majina. Wakikugeukia, jibu: “Shangazi ni mgonjwa wetu sote. Mimi nitatoa kiasi hiki kila mwezi, kwangu hatakaa.” Usiongeze nyumba ndogo, kazi nyingi, wala watoto wana mitihani, maana kila sababu utakayoitoa kuna mzee atakayeipatia ufumbuzi hapohapo. Akiuliza tena, rudia sentensi hiyohiyo kwa sauti ileile.